Argo: wapi ni historia, wapi ni chumvi, na kwa nini roho inakuwa juu hata ukijua mwisho

Swali la msomaji wa Tanga: "Nimetazama Argo mara tatu. Mwisho wake naujua, lakini kila wakifika uwanja wa ndege viganja vinanitoka jasho. Watu wananiambia sehemu kubwa ni chai. Ipi ni kweli, ipi wametunga? Nauliza kwa sababu naandika skripti ya filamu fupi, dakika 15, kuhusu tukio la kweli la watu waliotoroshwa. Nikibadilisha mambo, mpaka wangu uko wapi?"

Dada, kwa ambaye hajaiona, Argo ni filamu ya Ben Affleck ya mwaka 2012 kuhusu Wamarekani sita waliotoroshwa Irani wakijifanya Wakanada waliokuja kutafuta mandhari ya filamu ya Hollywood. Tuanze palepale viganja vinapokutoka jasho, maana hapo ndipo pana chai nyingi kuliko kwingine kote katika filamu. Hakuna tiketi zilizokosekana kaunta zikaibuka sekunde ya mwisho. Hakuna askari wa mapinduzi aliyepiga simu Hollywood kuhakikisha. Hakuna gari lililoifukuza ndege. Alfajiri ile ya mwisho wa Januari 1980, Wamarekani sita walifika uwanja wa Mehrabad, Tehran, wakapita meza moja baada ya nyingine, wakaambiwa ndege ina hitilafu ndogo, wakasubiri kama saa moja, wakapanda, wakaondoka kwenda Zurich. Basi.

Usije ukadhani hakukuwa na hatari. Ilikuwepo, tena ya kunyongwa, ila ilikaa mahali ambapo kamera haioni vizuri: kwenye karatasi. Mhuri, tarehe, rangi ya fomu, urefu wa masharubu kwenye picha ya pasi. Waliotengeneza filamu walikuwa na kazi ya kuichukua hatari ya karatasi na kuifanya hatari ya miguu na magurudumu. Ukiitazama Argo kwa jicho hilo, kila chumvi utaiona imetiwa kwa sababu gani.

Historia yenyewe iko hivi. Tarehe 4 Novemba 1979 wanafunzi wafuasi wa Ayatollah Khomeini waliuvamia ubalozi wa Marekani mjini Tehran. Wamarekani 52 walishikiliwa siku 444, hadi tarehe 20 Januari 1981. Hao ndio mateka. Wale sita wa kwenye filamu hawakuwahi kuwa mateka hata saa moja, na hapa wengi huchanganya. Watano walikuwa kwenye jengo la kutolea viza, ambalo lilikuwa na mlango wake wa kutokea mtaani. Mvua ikinyesha, wakatoka na kujichanganya na watu. Wa sita, Lee Schatz, afisa wa kilimo, ofisi yake ilikuwa nje ya ua wa ubalozi, naye akajificha kwanza kwa Waswidi. Wale watano walihangaika siku sita nyumba hadi nyumba. Usiku mmoja walilala kwa Waingereza. Mpishi mmoja wa Kithai aliwafungulia nyumba za mabosi wake, ambao wenyewe walikuwa tayari wamekamatwa. Tarehe 10 Novemba wakapokewa na John Sheardown, afisa uhamiaji wa ubalozi wa Kanada. Mume na mke Stafford wakapelekwa kwa balozi Ken Taylor, waliobaki wakakaa kwa Sheardown, na Schatz akaletwa baadaye. Walikaa hivyo zaidi ya wiki 11, wakicheza Scrabble na kusikiliza kama kuna gari linalosimama nje.

Kwenye filamu wote sita wako kwa balozi, na Sheardown hayupo kabisa. Kwa hesabu ya utengenezaji naelewa: nyumba moja ni seti moja, taa zinafungwa mara moja, na watu sita wanaobanana meza moja hugombana vizuri kuliko wawili huku na wanne kule. Ila gharama yake ni mtu. Mke wa Sheardown, Zena, mzaliwa wa Guyana, hakuwa na kinga ya kidiplomasia kama mumewe. Wangegunduliwa, balozi angefukuzwa nchini, yeye angeshtakiwa. Kwa wiki hizo zote karibu hakutoka nje. Mwandishi aliyekata nyumba ile alikata pia mhusika aliyekuwa na cha kupoteza kuliko wenyeji wote. Mimi ningemwacha Zena na kumtoa mtu mwingine.

Sasa tuingie kwenye karatasi, maana ndiyo kazi yenyewe.

Pasi za kusafiria zilikuwa halisi. Serikali ya Kanada chini ya Waziri Mkuu Joe Clark, na Flora MacDonald akiwa waziri wa mambo ya nje, ilipitisha kwa siri amri ya baraza la mawaziri kuwapa Wamarekani hao pasi za Kanada zenye majina ya bandia. Hilo lilipunguza nusu ya hatari: kitabu, karatasi na nembo havikuwa vya kughushi. Cha kughushi kilikuwa kilichogongwa ndani yake, yaani viza na mihuri ya kuonyesha kwamba hawa watu waliingia Irani siku chache zilizopita. Kazi hiyo ilikuwa ya Tony Mendez wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa nyaraka na sura za bandia, kinyume na unavyomwona steringi wa filamu anayeonekana kama mtu wa kuokoa watu kwa ujasiri tu.

Ndani ya pasi kulikuwa na kosa la tarehe. Irani ina kalenda yake ya jua: mwaka unaanza karibu na tarehe 21 Machi, miezi sita ya kwanza ina siku 31 kila mmoja, na mwaka wenyewe wakati ule ulikuwa 1358. Siku ubalozi ulipovamiwa, kwao ilikuwa tarehe 13 mwezi wa Aban. Aliyejaza viza huko mbali alikosea kugeuza kalenda, zikatoka na tarehe zisizowezekana kwa safari ile. Ni kosa la aina tunayoijua sisi: mgeni anaambiwa aje saa mbili asubuhi, anakuja saa nane mchana kwa sababu kwenye saa yake mbili ni mbili. Roger Lucy, mwanadiplomasia wa Kanada aliyesoma Kifarsi, ndiye aliyeliona, na likarekebishwa palepale Tehran kabla ya safari. Fikiria sini hiyo: mtu mmoja, taa ya mezani, pasi sita, anahesabu miezi kwa vidole, halafu anasimama. Hakuna risasi, hakuna kelele, na watu sita wamekwisha kufa au wamepona kwa hesabu ya kujumlisha. Filamu iliiacha. Nadhani ilikuwa hazina, na wewe mwenye dakika 15 na pesa kidogo ndiyo saizi yako.

Karatasi nyingine ni fomu ya kuingilia. Abiria aliyetua Irani alijaza fomu ya nakala mbili, nyeupe na ya njano. Nyeupe ilibaki kwa uhamiaji, ya njano aliondoka nayo, akaitoa siku ya kutoka. Kwa sheria, afisa anatakiwa kuzilinganisha. Wale sita hawakuwahi kutua kama Wakanada, kwa hiyo nyeupe zao hazikuwepo popote. Mpango mzima ulisimama juu ya jambo moja lililochunguzwa mapema: kwamba katika vurugu za mapinduzi, maafisa hawakuwa wakienda kutafuta nyeupe. Ndiyo maana ikachaguliwa ndege ya asubuhi mapema, kama saa moja na nusu, wakati wa uhamiaji bado wana usingizi na walinzi wa mapinduzi wakali hawajaamka. Filamu imeitumia fomu hii, tena vizuri: afisa anaondoka na karatasi kwenda nyuma, sisi tunabaki tukimtazama aliyebaki kwenye foleni.

Kisingizio cha Hollywood ndicho watu wasichokiamini, na ndicho cha kweli kuliko vyote. Mapendekezo ya awali yalikuwa ya kawaida: walimu, wataalamu wa lishe waliokuja kuangalia mazao, mafundi wa mafuta. Kila kimoja kilianguka kwa swali moja. Walimu wa shule gani, na shule za wageni zimefungwa? Mazao gani, Januari, ardhi imeganda? Mafuta je, sekta ambayo kila mgeni wake anafuatiliwa? Wasaka mandhari ya filamu walikuwa na faida ya ajabu: hakuna mtu angetunga uongo wa kijinga kiasi hicho. Tena watu wa filamu wanajulikana duniani kote kwa kuwa na mavazi ya ajabu, maswali mengi na kutojali siasa za nchi waliyomo.

Kwa hiyo kikafunguliwa kiofisi Los Angeles, Studio Six Productions, sita kwa ajili ya wale sita. Mendez alienda na dola 10,000 taslimu za kuanzia. Kulikuwa na simu inayopokelewa, kadi za biashara, na tangazo la ukurasa mzima kwenye magazeti ya biashara ya filamu. Skripti ilikuwepo tayari: mradi uliokufa wa Barry Geller, uliotokana na riwaya ya Roger Zelazny ya 1967, wenye michoro ya Jack Kirby, yule mchoraji mkubwa wa vibonzo. Ulikuwa na masoko ya kale na mandhari ya jangwa, ukafaa. Wakaubandika jina Argo. John Chambers, fundi wa kupamba nyuso aliyepewa tuzo ya heshima ya Oscar kwa nyani wa Planet of the Apes, ni mtu wa kweli na kweli alishiriki. Yule mtayarishaji mzee mwenye mdomo mchafu anayeigizwa na Alan Arkin ni wa kutungwa. Mwenzake Chambers wa kweli alikuwa fundi mwingine wa sura, Robert Sidell, na simu za ofisi alizipokea mkewe Sidell. Huoni hata jina lao kwenye filamu.

Kila mmoja wa sita alipewa kazi katika kundi la filamu na vitu vya kuithibitisha. Anders, mtu mzima wa ubalozi, akageuzwa mjuaji wa mandhari mwenye suruali ya kubana, vifungo vya shati wazi na nywele zilizopulizwa. Schatz akapewa kioo cha kutazamia picha ambacho wapiga kamera huning'iniza shingoni. Cora Lijek akawa mwandishi wa skripti. Wakahojiwa kwa ukali ndani ya nyumba ili wazoee. Lakini ile ziara ya sokoni, wenyeji wakiwapigia kelele, haikuwepo. Mark Lijek, mmoja wa sita, amelisema wazi baadaye. Ukifikiri tu utaona: unawaficha watu wiki 11, halafu siku moja kabla ya safari unawatembeza sokoni ili wapigwe picha? Sini ile ipo kwa sababu katikati ya filamu palikuwa pamelala. Ilipigwa Istanbul, kwenye soko kuu la kule, maana Irani isingewezekana.

Asubuhi ya safari ndipo historia na filamu zinapopishana kwa namna ya kuchekesha. Kwenye filamu, Washington imefuta kazi usiku, Mendez anakesha na chupa, alfajiri anaamua kukaidi. Mbegu ya kweli ya hapo ni ndogo: Mendez akiwa bado Ulaya tayari kuruka kwenda Tehran aliambiwa asubiri idhini ya Rais Carter, ikaja baada ya kama nusu saa. Usiku wa mwisho wenyewe, kwa maelezo yake, alilala fofofo. Alamu ya saa yake haikumwamsha. Aliamshwa na simu kutoka chini hotelini: Richard Sewell, mwanadiplomasia wa New Zealand, alikuwa amekuja kumchukua, saa tisa usiku, na abiria wake bado yuko kitandani.

Uwanjani, jambo lililowatia kiwewe halikuwa askari bali mwenzao. Joe Stafford alikuwa akikijua Kifarsi. Kwenye filamu ndicho kinachowaokoa: anawaeleza walinzi hadithi ya filamu yao ya kubuni kwa lugha yao, michoro mkononi, walinzi wanayeyuka. Kwa simulizi za waliokuwepo, mambo yalikuwa kinyume. Joe alishika gazeti la Kifarsi akaanza kusoma, kitu ambacho mtu wa Hollywood aliyeingia juzi hawezi kukifanya, na akawa anateleza kuwaita wenzake kwa majina yao halisi. Mmoja wao naye alisimamishwa kwa sababu masharubu ya kwenye picha yalikuwa marefu kuliko ya usoni; ikabidi aonyeshe kwa vidole viwili kwamba ameyapunguza kwa mkasi. Halafu hitilafu ya ndege, halafu kusubiri. Walipofika kwenye ngazi za ndege ya Swissair, puani mwake pameandikwa Aargau, jina la jimbo la Uswisi, na Anders akamtania Mendez kwamba kweli amepanga kila kitu. Ungeiweka hiyo kwenye skripti, mhariri angekwambia umezidisha.

Sasa, kwa nini viganja vinakutoka jasho? Hesabu vizuizi vya robo ya mwisho ya filamu: kaunta ya tiketi, uhamiaji, chumba cha walinzi, basi la kupeleka abiria kwenye ndege, njia ya kurukia. Ni vitano, na kila kimoja kinakwama kwa namna yake. Kaunta ni mashine, uhamiaji ni fomu, walinzi ni hadithi, basi ni gia, na mwisho ni mwendo. Hakuna kosa linalorudiwa. Mtazamaji akishaona kizuizi kimepitwa anashusha pumzi, na kabla hajaimaliza kinakuja cha aina ambayo hakujiandaa nayo. Juu ya hapo mhariri, William Goldenberg, anakata kati ya sehemu tatu: uwanjani, makao ya CIA, na ofisi ya Hollywood ambako simu inalia na wenyewe wamezuiwa barabarani na watu wanaopiga filamu. Na chini ya yote kuna saa inayokwenda: watoto wanaounganisha vipande vya karatasi zilizochanwa ubalozini mpaka uso wa mmoja wa wale sita unatokea. Kuunganisha karatasi ni kweli kulifanyika, kwa uvumilivu wa kutisha, na nyaraka zikachapishwa kuwa vitabu; ila ilikuwa kazi ya miaka, na si hiyo iliyowaweka sita hatarini asubuhi ile. Filamu imeichukua kazi ya kweli ikaifanya saa ya ukutani. Uhariri huo ulipata Oscar mwaka 2013, pamoja na skripti ya Chris Terrio na filamu bora, na kwa uhariri sina ubishi.

Mimi kizuizi cha tano ningekifuta. Kilele kiko kwenye chumba cha walinzi, pale simu inapolia mara ya mwisho. Baada ya hapo magari yanayokimbizana na ndege ni mchuzi ulioongezwa maji. Ukitazama mara ya nne, angalia kama moyo wako haushuki kidogo hapo.

Na ule uzito unaouhisi tangu dakika ya kwanza haukutoka kwenye skripti peke yake. Mpiga picha Rodrigo Prieto alipiga sehemu za Tehran kwa mkanda wa milimita 35 uliotumia matundu mawili kwa fremu badala ya manne, yaani nusu fremu, ikikuzwa inatoa chembechembe kama habari za televisheni za zamani. Mwongozaji Ben Affleck aliwaweka waigizaji sita kwenye nyumba moja kama wiki nzima, na nguo na magazeti ya enzi hiyo, bila simu wala intaneti. Kwako wewe la pili ni rahisi kuliko la kwanza, na lina faida zaidi. Siku mbili tatu nyumba moja, simu kwenye ndoo, waigizaji wako watajua nani anakoroma na nani anamaliza sukari, hilo haliandikiki. La chembechembe, usipandishe ISO ya kamera, yaani wepesi wake wa kushika mwanga, ukitegemea upate mwonekano huo, kwa sababu kelele ya dijitali inajikusanya kwenye giza na rangi za ngozi zinachafuka. Piga safi, ongeza chembe wakati wa kuhariri, kiasi kilekile filamu nzima.

Tufike kwenye mpaka wako. Argo ina mabadiliko ya aina tatu, na hayana uzito mmoja.

Kuna kubana muda na mahali, kama nyumba mbili kuwa moja, au wiki kuwa siku. Hili fanya bila woga. Kuna kutunga kizuizi ambacho hakikuwepo, kama tiketi na basi. Hili linaruhusiwa ukilijenga juu ya hatari iliyokuwepo kweli: fomu nyeupe ni halali, magari ya kukimbizana siyo. Na kuna kumvua mtu wa kweli alichofanya, au kumvika asichofanya. Hapa ndipo Argo ilipojikwaa vibaya. Kuna mhusika anasema Waingereza waliwafukuza na New Zealand nao wakakataa. Waingereza waliwalaza. Wanadiplomasia wa New Zealand waliandaa nyumba ya akiba, wakabeba watu na vitu, na Sewell ndiye aliyekuja hotelini saa tisa usiku. Sentensi moja, sekunde chache, na mwaka 2013 Bunge la New Zealand likapitisha hoja ya kusikitika kwamba filamu imepotosha. Pia Mendez hakwenda peke yake. Alikuwa na afisa mwenzake, ambaye jina lake, Ed Johnson, lilitangazwa na CIA yenyewe mwaka 2023 tu. Huyo waandishi wasingeweza kumtaja, lakini mwenzi asiye na jina wangeweza kumwandika.

Wakanada ndio waliumia zaidi. Mwaka 1980 sifa zote hadharani zilikuwa zao, kwa sababu mkono wa CIA ulifichwa hadi 1997. Filamu ikaja kuegemea upande wa pili mzimamzima: Taylor, aliyepeleka taarifa, aliyewahifadhi na kupanga safari, amekuwa mwenye nyumba mkarimu anayefungua mlango. Carter mwenyewe alisema mwaka 2013 kwamba asilimia 90 ya mawazo na utekelezaji ilikuwa ya Kanada. Filamu ilipoonyeshwa Toronto Septemba 2012, maandishi ya mwisho yalidokeza kuwa sifa za Kanada zilikuwa za kisiasa tu. Marafiki wa Taylor walilalamika, Affleck akampigia, maandishi yakabadilishwa. Yalibadilishwa maandishi tu. Filamu ilibaki vilevile.

Tabia hii ya kumkata aliyefungua mlango si ya Hollywood peke yake. Ukichukua mkasa wa Entebbe wa Julai 1976, kila mtu anajua ndege za Israeli zilizotua usiku kuokoa mateka. Wachache huuliza zilijaza mafuta wapi wakati wa kurudi. Ni Nairobi. Kama kisa chako ni cha huku kwetu, tafuta Nairobi yake kabla hujaandika.

Kwa dakika 15 una kurasa 15 za skripti, ukurasa kwa dakika. Nakushauri vizuizi vitatu, si vitano: dakika mbili za kutujulisha watu na kilicho hatarini, kizuizi cha kwanza dakika tatu, cha pili dakika tatu, cha tatu dakika tano, na mbili za kutoka. Kila kizuizi kipe mtu mmoja mwenye shida yake binafsi (ana usingizi, anataka kwenda chai, bosi wake yuko nyuma), karatasi moja, na kosa la aina mpya. Kosa la karatasi tuonyeshe sisi watazamaji mapema, kabla wahusika hawajaliona. Ukituonyesha dakika ya pili kwamba tarehe kwenye pasi haikai sawa, huhitaji muziki dakika ya nane. Afisa akifungua ukurasa tu, ukumbi utanyamaza.

Karatasi zenyewe zitengeneze kwa bidii kuliko mavazi. Kamera itazikaribia, na mhuri uliochapishwa kwa printa ya ofisini hung'aa. Chonga mhuri wa mpira, tumia wino wa pedi, gonga kwa mkono uliochoka, mmoja uwe umefifia upande. Nakala ya njano iwe karatasi nyembamba ya kaboni, maandishi yake hafifu kuliko ya nyeupe. Weka nakala nne za kila kitu, kwa sababu mwigizaji atatoa jasho juu yake kila mara mnaporudia.

Uwanja wa ndege usikutishe. Mehrabad ya Argo ni uwanja wa Ontario, California. Ukumbi wa stendi ya zamani, kaunta mbili na kamba ya foleni vinatosha ukibana fremu. Ila usianze kupiga bila kibali cha Bodi ya Filamu na cha wenye jengo; kundi lenye watu waliovaa sare za askari bila barua mkononi huishia kutoa maelezo kituoni, na siku ya kupiga picha imekwenda na pesa ya kamera ya kukodi inaendelea kuhesabiwa.

Mwisho, maandishi yako ya kufunga filamu yaandike kwanza, kabla ya ukurasa wa kwanza wa skripti: nani alifanya nini, nani umemtunga, nani umewaunganisha kuwa mmoja. Msomee mtu aliyekuwepo kwenye tukio, au mwanawe. Akikunja uso kwa jina fulani, hapo urekebishe kwenye skripti.